Plastiki yenye kumbukumbu: utomvu wa mti, uzi wa mshono na mafuta ya nyonyo

 

Wiki hii swali moja limejirudia kuliko yote: vile vyombo vya watoto vilivyoandikwa kwamba vimetengenezwa kwa mimea, ni salama? Vinaoza? Mmoja wenu akaongeza kwamba kikombe kimoja alikimiminia uji wa moto kikasinyaa mbele ya macho yake kama jani kwenye moto. Ningeweza kujibu kwa mistari mitatu, lakini historia yake ni tamu, na imepita Zanzibar, Muheza na hapa kwetu Moshi. Kwa hiyo leo chukua chai, nitaiweka kwa sehemu.

SEHEMU YA 1

Tuanze na kitu unachokijua. Jumamosi jioni umemkalisha binti yako, umepitisha kitana cha moto, nywele zimenyooka hadi mabegani. Jumapili mnatoka kanisani, ukungu wa Masama umeshuka, mkifika nyumbani nywele zimeshajikunja. Hujazikunja wewe. Zimekumbuka.

Nywele ni nyuzi za protini, na zimeshikwa na vifungo vya aina mbili. Kuna vifungo vya salfa, vigumu, ambavyo ndivyo vinashika umbo la kuzaliwa. Halafu kuna vifungo vyepesi, vingi sana, ambavyo moto unaviachanisha na vikipoa vinashikana upya pale pale ulipoziacha nywele. Maji yakiingia, vile vyepesi vinaachia, na vya salfa vinazivuta nywele zirudi kwao. (Dawa ya kulainisha nywele ni kisa kingine. Ile inavunja vifungo vya salfa vyenyewe, ndiyo maana nywele zilizotiwa dawa hazirudi, unasubiri zinazoota upya.)

Basi, ukielewa hapo, umeshaelewa plastiki yenye kumbukumbu. Ni plastiki yenye vifungo viwili: kimoja cha kudumu kinachojua umbo la asili, na kingine cha muda kinachoshika umbo ulilolilazimisha. Unaipasha moto, unaikunja, unaipoza, inatulia hivyo hata miezi. Ukiipasha tena, cha muda kinaachia na plastiki inarudi ilikotoka yenyewe, bila kuvutwa na mtu. Na hiyo ya nywele si mfano wangu tu wa kuwafurahisha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza kitu walichokitengeneza kwa protini ya sufu, jamii ile ile ya protini ya nywele, kinachorudia umbo lake kikilowa maji.

SEHEMU YA 2

Wengi tunafikiri plastiki ilianza na mafuta ya petroli. Kumbe ya kwanza kuenea duniani ilitoka kwenye mti.

Huko Malaya na visiwa vya jirani kuna miti ambayo ukiikata inatoa utomvu mweupe, ukikauka unakuwa mgumu kama ngozi iliyokomaa. Unaitwa gutapecha. Ukiutia kwenye maji ya moto, kama nyuzi 60 hivi, unalainika kama ugali, unaufinyanga utakavyo, ukipoa unakaza. Wenyeji walikuwa wakitengenezea mipini ya panga tangu zamani. Daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Singapore, William Montgomerie, aliona mipini hiyo, na mwaka 1843 akapeleka sampuli London. Aliyeuona thamani yake alikuwa mtu wa hospitali, na alichokuwa anafikiria ni vifaa vya matibabu, kwa sababu vifaa vya mpira wa siku zile viliharibika vibaya kwenye joto la nchi zetu hizi.

Na kweli uliingia hospitalini. Madaktari waliukata vipande, wakavilainisha kwenye maji ya moto na kuvifinyanga juu ya mkono au mguu uliovunjika, vikipoa vinakuwa banzi lililokaa sawasawa na kiungo cha mgonjwa. Madaktari wa meno wakaupenda zaidi. Mpaka leo ukienda kutibiwa mzizi wa jino, ule ujiti mwembamba wa rangi ya waridi wanaouzibia ndani ni gutapecha. Inawezekana kabisa una kipande cha utomvu wa mti wa Asia kinywani mwako sasa hivi unavyosoma.

Lakini kilichoumaliza msitu si meno wala mabanzi, ni simu. Si hizi za mkononi, namaanisha telegramu, ambayo wazee wetu waliiita simu tu. Waya wa shaba ukiulaza baharini bila kuufunika, umeme unapotelea majini. Gutapecha haipitishi umeme, na uzuri wake ni kwamba chini ya bahari, kwenye giza na baridi, haiozi. Inakaa miongo na miongo. Kwa hiyo mwaka 1851 waya uliofunikwa gutapecha ukaunganisha Uingereza na Ufaransa, na mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash, waya wa namna hiyo ukafika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo habari ya Ulaya ilikuja na meli. Baada ya hapo bei ya karafuu na amri za wakubwa zilipita ndani ya utomvu wa mti.

Sasa hesabu yake. Ili kupata utomvu huo walikuwa wanauangusha mti mzima, na mti mmoja mara nyingi haukutoa hata kilo moja. Waya mmoja wa baharini ulikula tani nyingi. Kisiwa cha Singapore kiliishiwa na miti hiyo ndani ya miaka michache tu, na wakataji wakahamia misitu ya mbali zaidi, Sumatra na Borneo. Miti iliyoangushwa kwa ajili hiyo ni mamilioni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "hii imetokana na mimea" kana kwamba ameshamaliza mjadala, mwambie kwa upole kwamba gutapecha nayo ilitokana na mimea.

Na mpira ndiyo usiseme. Mpira na gutapecha kwa kemia ni ndugu wa tumbo moja, vipande vyao ni vile vile, tofauti ni upande ambao kila kipande kimegeukia. Mmoja unavutika, mwingine unakaza. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa haunati wala haulainiki ovyo tena, na hapo utagundua ni salfa ile ile inayofunga nywele za binti yako. Baada ya hapo kila mtu akautaka. Waliolipa ni watu. Huko Kongo ya Mfalme Leopold vijiji vilipigwa na watu wakakatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mimea ya porini. Hapa kwetu Wajerumani walipanda miti ya mpira upande wa Tanga, Muheza na kwingineko, aina ambayo ni ndugu wa muhogo, ukiona majani yake utajua. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ukafurika sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi ya huku yakafa.

SEHEMU YA 3

Plastiki za petroli zilipokuja, gutapecha ikasahaulika. Waya za baharini zikaanza kufunikwa kwa politheni, hii hii ya mifuko. Lakini wazo la kumbukumbu halikufa. Mwaka 1941 kuna hati miliki ilitolewa Marekani ya plastiki ya kazi za meno, na ndani yake wameeleza waziwazi kwamba kitu hicho kikipashwa moto kinarudia umbo lake. Baadaye zikaja zile ala za plastiki ambazo fundi umeme anazivisha kwenye waya, anazipiga moto, zinasinyaa na kubana. Hiyo ni kumbukumbu ya umbo, umeiona mara ngapi bila kujua jina lake.

Kinachonichekesha ni Wajapani. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kuraray ikaanza kuuza plastiki yenye kumbukumbu kama jambo jipya. Ukiiangalia molekuli yake ni ile ile ya gutapecha, ila imetengenezwa kiwandani, haikukamuliwa kwenye mti. Safari ya zaidi ya miaka 140 kurudi palepale kwa yule daktari wa Singapore.

Wakati huo Moshi nako kulikuwa na kazi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1981 Serikali yetu kwa msaada wa Ujerumani ikaanzisha palepale chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea viungo, TATCOT. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika na nje ya Afrika kuja kujifunza chini ya mlima huu, na sisi tunaokaa hapa tunapita getini hatujui. Kama una mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda, au mwenye mtindio wa ubongo anayevaa kifaa cha plastiki kwenye kifundo, basi ujue mikono ya watu hawa.

Jinsi kinavyotengenezwa ni hivi. Fundi anachukua umbo la mguu kwa plasta, anamimina plasta nyingine ndani kupata mguu wa plasta. Kisha anachukua bamba la plastiki iitwayo polipropilini, analiweka kwenye tanuri mpaka lilegee, joto linakaribia nyuzi 200, analilaza juu ya ule mguu wa plasta na kuvuta hewa kwa pampu ili libane kila kona. Likipoa anakata, analainisha kingo, anaweka mikanda. Huwezi kufanya hivyo juu ya ngozi ya mtoto, ungemuunguza, ndiyo maana inabidi mguu wa plasta uwepo kwanza.

Sasa mtoto anakua. Miezi michache kifaa kinabana, anaanza kulia, wengine mnakivua na kukiweka juu ya kabati. (Tafadhali msikiweke juu ya kabati, kirudisheni.) Kifaa kile hakiwezi kupanuka chenyewe, kinatengenezwa kingine, na safari ya kwenda Moshi inaanza upya.

Kuna plastiki nyingine ambazo zinalainika kwenye maji ya moto tu, nyuzi 60 hadi 70. Zinatumika kwa mabanzi ya mikono, kwa mfano mtoto aliyeungua ambaye vidole vinaanza kujikunja kovu linapokauka. Unaacha bamba lipungue joto kidogo, unalifinyanga moja kwa moja juu ya mkono. Nyingi zina kumbukumbu: ukikosea au mkono ukibadilika, unalirudisha kwenye maji ya moto na bamba linanyooka lenyewe kama lilivyokuja kutoka kiwandani, unaanza upya na bamba lile lile. Kwa mama anayelipa kutoka mfukoni, kurudia bila kununua upya si jambo dogo. Tatizo ni bei ya bamba lenyewe.

SEHEMU YA 4

Hapa ni kwa waliojifungua kwa upasuaji. Swali la kila wodi: "Sista, huu uzi wa ndani utatolewa lini?" Hautolewi. Unayeyuka.

Zamani uzi wa kuyeyuka ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Ulifanya kazi, lakini mwili uliukasirikia, sehemu ikavimba, na hukuweza kujua vizuri utakwisha lini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ambazo maji ya mwili yanazikatakata polepole. Aina tunayoitumia sana inapoteza nguvu kwa kadiri ya wiki nne hivi na kumalizika kwa wiki 8 hadi 10. Ukiona kincha kidogo cha uzi kinachungulia kwenye kidonda, usikivute. Njoo kliniki.

Mwaka 2002, Andreas Lendlein wa Ujerumani na Robert Langer wa Marekani wakaandika kwenye jarida la Science juu ya uzi wenye mambo mawili kwa pamoja: unayeyuka, na unakumbuka. Wazo lao ni zuri mno. Daktari anayeshona sehemu ya ndani kwa vyombo vyembamba anapata shida ya kukaza fundo: ukilegeza linafunguka, ukikaza sana nyama inakufa. Uzi wao ulivutwa kwanza ukiwa na joto, ukapozwa ukiwa mrefu. Daktari anafunga fundo kwa kulegeza tu, joto likipanda kufikia kama nyuzi 40 uzi unakumbuka ufupi wake, fundo linajikaza. Waliujaribu kwa panya. Uzi ulio tumboni mwako wewe si huo, wako unayeyuka tu, kwa hiyo usiogope kwamba ukipata homa utakubana.

Ila angalia kitu ambacho mimi mwenyewe nakiona kuwa ndio moyo wa habari hii yote. Uzi unaoyeyuka kwa wiki kumi tumboni umetengenezwa kwa kemikali za petroli. Gutapecha iliyolala miongo chini ya bahari kati ya Aden na Zanzibar bila kuoza ilitoka kwenye mti. Kitu kinatoka wapi ni swali moja. Kinaoza au hakiozi ni swali lingine kabisa, na jibu lake liko kwenye namna vipande vyake vilivyofungwa. Anayekuuzia chombo anayachanganya maswali haya mawili, wakati mwingine kwa kutojua, wakati mwingine anajua vizuri sana.

SEHEMU YA 5

Sasa vile vikombe. Nyingi ya plastiki za mimea zilizoko sokoni leo zinaitwa PLA. Unachukua wanga wa mahindi au sukari ya miwa, unaichachusha kwa bakteria, unapata asidi ya maziwa, ile ile ya mtindi mgando, kisha unaifunga kuwa mnyororo mrefu. Mkemia wa Marekani Wallace Carothers aliichezea mapema miaka ya 1930, lakini kiwanda kikubwa cha mahindi kilifunguliwa Nebraska mwaka 2002. Mwilini ni nzuri, inavunjika kuwa asidi ambayo misuli yako inaijua, ndiyo maana kuna nyuzi na skrubu za mifupa za jamii hiyo. Na inafaa kutengenezea plastiki yenye kumbukumbu, watafiti wengi wanaifanyia kazi hiyo.

Lakini PLA ya kawaida inalainika kwenye nyuzi 60 hivi. Uji unaotoka jikoni umepita hapo mbali, na mtori anaouleta bibi wodini umefunikwa vizuri, umepita hapo pia. Kikombe kilikuwa karatasi bapa ya plastiki iliyopashwa na kuvutwa kwenye umbo la kikombe. Umekipa joto, kimejaribu kurudi kuwa karatasi. Mama uliyeniandikia, hukukiharibu, kimekumbuka. Cha moto tumia bati, udongo au chuma.

Na kuoza? PLA inahitaji joto la karibu nyuzi 60 hizo hizo, na unyevu, kwa wiki nyingi, ndipo ioze vizuri. Hiyo ni mitambo maalumu ya mboji. Udongo wa kihamba cha Masama, chini ya migomba, ni wa baridi. Ukikifukia hapo leo, mtoto atakifukua akiwa darasa la tano. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, tukapumua, lakini vifungashio vingine bado vipo na naona bado tunawashia moto plastiki kwenye mafiga. Moshi ule mtoto mgongoni anauvuta wote. Iwe ya petroli au ya mimea, usiwashie moto.

La mwisho ni la kwetu zaidi. Mnyonyo, wengine mnauita mbarika, ule unaoota wenyewe kando ya njia na kwenye jalala. Wataalamu wa mimea wanaamini asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Enzi za Tanganyika mbegu zake zilikuwa zao la kuuza nje. Mafuta ya nyonyo unayompaka mtoto kichwani yana kitu ambacho mafuta mengine ya kupikia hayana: asilimia zaidi ya 80 ya asidi zake za mafuta zina kama kindoano pembeni, mahali ambapo mkemia anaweza kufungia kitu kingine. Kwa kindoano hicho wanatengeneza povu, gundi, na plastiki za jamii ya poliurethani, zikiwemo zenye kumbukumbu. Wafaransa walianza kutengeneza nailoni ya mafuta ya nyonyo tangu miaka ya 1940, na inauzwa hadi leo, hata kwenye mirija ya hospitali. Haiozi. Imetokana na mmea na haiozi, na kwa mrija wa hospitali hicho ndicho kinachotakiwa.

Mnyonyo hauhitaji kuangushwa msitu, unavuna mbegu na mti unabaki, na unavumilia ukame kule tambarare ambako mahindi yanakauka. Hapo nauona ni bora kuliko gutapecha. Kinachonisumbua ni kwamba tunauacha jalalani huku mafuta yake tunayanunua kwenye vichupa vya nje.

Nesi hawezi kumaliza bila haya mawili. Mbegu za nyonyo, zile za mabaka mazuri zinazopendwa na watoto kuchezea, zina sumu kali. Mtoto akitafuna, usisubiri atapike, mkimbize hospitali na ubebe mbegu moja tuione. Na mjamzito usinywe mafuta ya nyonyo ili "kuharakisha uchungu", hata kama wifi amesema yeye alikunywa. Yanaharisha, yanakausha maji mwilini, na uchungu unaweza kuja kwa nguvu ambayo wewe na mtoto hamkujiandaa nayo. Kama siku zimepita, njoo na kadi yako ya kliniki tukupime.